Mbuzi Wasiogawanyika

Mvua ya kwanza ikinyeshea kinyesi cha mbuzi kilichokauka, hupanda harufu ambayo watu wengi huikunjia pua. Mimi huivuta mpaka kifua kijae. Shule ninayofundisha hapa Karatu imepakana na zizi la jirani, na juzi mawingu yalipofunguka, harufu hiyo iliingia darasani nikiwa ndiyo kwanza nimemaliza kuandika ubaoni namba hii:

170141183460469231731687303715884105727

"Madam, hiyo ni simu ya nani?" akauliza kijana mmoja wa nyuma.

"Ya malaika," mwenzake akamjibu. "Ndiyo maana haipatikani."

Nikawaacha wacheke, kisha nikawaonyesha jinsi ya kuijenga, maana si ngumu kama inavyoonekana. Anza na moja. Iongeze maradufu, utapata mbili. Tena, nne. Tena, nane. Endelea hivyo mpaka utimize mara mia moja ishirini na saba, halafu mwishoni toa moja tu. Utakuwa umefika kwenye namba hiyo ndefu, na hiyo ni namba tasa: hakuna namba nyingine inayoweza kuigawa bila kubakiza, isipokuwa moja na hiyo yenyewe. Aliyelithibitisha hilo kwanza alitumia mkono wake, kabla kompyuta hazijakuwapo. Hapo nikaiweka chaki chini, kwa sababu ile harufu ilikuwa imenishika. Ile mia moja ishirini na saba, ambayo nayo ni tasa, nilikutana nayo kabla ya chuo na kabla ya chaki. Nilikutana nayo zizini kwetu, upande wa Soitsambu, mwaka aliofariki baba.

Kwetu tulikuwa watatu waliobaki: Yeyo, ndivyo tunavyomwita mama, mimi niliyekuwa darasa la sita, na mdogo wangu wa kiume ambaye bado alikuwa akikimbia bila suruali. Ng'ombe wetu karibu wote waliishia kwenye ukame. Kilichotuweka hai na shuleni, kilichotupa maziwa asubuhi na jioni, kilikuwa mbuzi. Arobaini ya kilio haijasahaulika, kaka zake baba wawili wakaja kuketi nje ya nyumba yetu.

Baba Mkubwa alikuwa mtu mrefu, mzito wa maneno, mwenye boma lake ng'ambo ya korongo. Baba Mdogo alikuwa dereva wa watalii, akiishi Karatu, na alikuja na kofia ya kazini na miwani ya jua ambayo hakuivua hata kwenye kivuli. Kaka hawa wawili hawakuaminiana hata kidogo, na nakuomba ulikumbuke hilo.

"Mtoto wa marehemu bado mdogo," Baba Mkubwa alisema. "Mbuzi hawawezi kukaa bila mwanamume. Watagawanywa sawasawa, mafungu matatu: langu, la mdogo wangu, na la nyumba hii. Shemeji atahamia bomani kwangu na fungu lake." Kisha akanielekezea kidevu. "Na huyu, darasa la sita linamtosha. Nina kundi linalohitaji mchungaji."

Yeyo alikuwa akisafisha kibuyu cha maziwa kwa kijinga cha moto. Aliendelea kusugua ndani, moshi mtamu ukimtoka mikononi, wala hakujibu. Nilidhani ule ukimya wake ulikuwa kukubali. Nikaona kwamba kama kuna wa kutuokoa, basi ni mimi.

Na silaha nilikuwa nayo. Wiki ileile mwalimu wetu wa hisabati alikuwa ametufundisha namba tasa. Aliandika tatu, tano, saba, kumi na moja, akasema namba hizi hazigawanyiki.

"Hazigawanyiki kabisa, mwalimu?" nilimuuliza.

"Kabisa."

"Hata watu wazima wakijaribu?"

"Hata mkuu wa mkoa akija na ving'ora," akasema, na darasa zima likaangua kicheko.

Wenzangu walicheka, mimi nilichukua jibu lile kama sheria. Nilielewa kwamba kuna idadi fulani duniani ambazo zimekatazwa kugawanywa, kama vile kuna miti iliyokatazwa kukatwa, na kwamba atakayejaribu atazuiwa na kitu, sijui serikali, sijui Mungu. Kilichobaki kilikuwa kujua kama mbuzi wetu wamo kwenye ulinzi huo.

Hapo pakawa na tatizo. Kwetu mifugo haihesabiwi, kama watoto wasivyohesabiwa. Kuwanyooshea kidole na kuwataja moja, mbili, tatu ni kuwaitia kifo. Yeyo hakuwahi kuhesabu mbuzi hata siku moja, wala hakuwahi kukosea. Jioni wakiingia alisimama langoni na kusema tu, "Yule wa sikio lililochanika hajarudi," na kweli hakuwa amerudi.

Kwa hiyo sikuhesabu mbuzi. Nilichukua kopo la rangi, nikakusanya kinyesi kikavu cha mbuzi, zile punje nyeusi ngumu tunazozijua wote, na jioni wakiingia nikadondosha punje moja koponi kwa kila mbuzi aliyepita, mkubwa kwa mdogo. Mdomo wangu haukutamka kitu. Halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikahesabu punje. Nilihesabu mavi, basi. Mpaka leo naona hoja yangu ilikuwa safi, na siombi radhi kwa yeyote.

Zilikuwa mia moja ishirini na saba.

Kama una punje za mahindi karibu, ufanye pamoja nami, utaelewa zaidi kuliko kusoma. Nilizipanga mbilimbili, ikabaki moja. Nikazipanga tatutatu, ikabaki moja. Nne sikujisumbua nayo, kwa sababu kitu kisichogawanyika kwa mbili hakiwezi kugawanyika kwa nne. Tano, zikabaki mbili. Saba, ikabaki moja. Kumi na moja, zikabaki sita. Na hapo mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba unaweza kusimama. Ukitaka kupanga safu kumi na tatu, kila safu ingehitaji punje chache kuliko kumi na tatu, maana kumi na tatu mara kumi na tatu ni mia moja sitini na tisa, na huna punje zote hizo. Safu zikiwa nyingi, punje za kila safu huwa chache, na hizo namba ndogo umekwisha kuzijaribu. Nilitazama udongo. Punje zangu zilikataa kila umbo lenye pembe nne. Zilikubali kitu kimoja tu: kulala kwenye mstari mmoja mrefu, kutoka ukuta wa nyumba mpaka kwenye miba ya zizi.

Nilimkimbilia Yeyo. "Hawagawanyiki! Mbuzi wetu hawagawanyiki!"

"Nani amesema?"

"Mwalimu."

"Mwalimu amewaona?"

"Hapana, lakini—"

"Kalete maji," akasema.

Kesho yake asubuhi, kabla mbuzi hawajatoka, baba zangu wale wawili walirudi pamoja na mwenyekiti wa kitongoji, mzee mnene mwenye fimbo nyembamba, aliyeitwa kushuhudia kwamba hakuna anayempunja mwenzake. Mgawanyo wenyewe haukuhitaji kuhesabu. Unalegeza lango la miba mpaka wapenye mbuzi mmoja mmoja. Wa kwanza anasukumwa kulia, ni wa Baba Mkubwa. Wa pili kushoto, wa Baba Mdogo. Wa tatu ananyooka mbele, wa nyumba. Vijana wa Baba Mkubwa walisimama na fimbo kuzuia kila kundi, na Yeyo alishika lango, kwa kuwa mbuzi walimsikiliza yeye.

Mimi nilikaa juu ya jiwe nikisubiri sheria ifanye kazi yake. Mbuzi wakatoka, kulia, kushoto, mbele, kulia, kushoto, mbele, vumbi likapanda, na mwishowe zizi likabaki na jike mmoja mweusi amesimama katikati akitafuna. Kila fungu lilikuwa limetimia sawa na lenzake. Yule alikuwa wa ziada.

"Zamu ni yangu," alisema Baba Mkubwa.

"Zamu imekwisha, kaka," alisema Baba Mdogo. "Wote tuko sawa. Ukimchukua huyo, umenizidi."

"Mimi ni mkubwa wako."

"Ndiyo, hata jina lako linasema hivyo. Lakini tulisema sawasawa, na mwenyekiti yupo hapa."

Walipokuwa wakibishana, vitoto vilivyotupwa kulia vikaanza kuwalilia mama zao waliotupwa kushoto. Mama wakaruka fimbo za vijana, vitoto vikapita chini ya miguu, na kufumba na kufumbua makundi yote matatu yalikuwa kundi moja linalopiga kelele. Yeyo alifungua lango wakarudi ndani. Sikumwona akitabasamu, lakini aliificha midomo yake kwa ncha ya shuka.

Walijaribu tena. Safari hii Baba Mkubwa alitaka mafungu mawili tu, lake na la mdogo wake, kisha kila mmoja amkatie mjane kitu kutoka kwake. Kulia, kushoto, kulia, kushoto. Akabaki mmoja. Na hakuwa yule mweusi. Alikuwa dume mwenye madoa.

Mwenyekiti alijikuna shingo. "Hii sijaipenda. Kila mkigawa, kuna mmoja anakataa."

Baba Mkubwa alitema mate kifuani mwake, namna wazee wetu wanavyojikinga. Nikaona hofu imewaingia, na nikashindwa kukaa kimya. Nilisimama juu ya jiwe.

"Hawagawanyiki!" nilipaza sauti. "Hata mkijaribu mpaka jioni! Wako mia moja ishirini na saba, na mia moja ishirini na saba haigawanyiki!"

Baba Mkubwa aligeuka taratibu.

"Nani amehesabu mifugo ya marehemu?"

"Sijahesabu mbuzi, Baba Mkubwa. Nimehesabu mavi."

Mwenyekiti alicheka mpaka fimbo ikamdondoka. Baba Mkubwa hakucheka. Alikuwa ameshainua mkono, nami nilikuwa nimeshafumba macho, lakini Baba Mdogo alimtangulia kwa swali.

"Ngoja kwanza. Umesema ngapi?" Alitoa simu, akabonyeza. "Mia moja ishirini na saba kwa tatu... arobaini na mbili, nukta, tatu, tatu, tatu. Hizi tatu hazina mwisho, jamani. Mtoto yuko sahihi." Nikafumbua macho, nikajinyoosha juu ya jiwe langu. Kisha akavua miwani, kwa mara ya kwanza, akatabasamu. "Sasa si rahisi? Tuchinje mmoja. Tule nyama hapahapa. Watabaki mia moja ishirini na sita, arobaini na mbili kwa kila mtu, hakuna wa kulalamika."

Nilihisi jiwe limeyeyuka chini yangu. Hilo mwalimu hakuwa amelisema. Namba inayowakatalia wote inaishi mlango kwa mlango na namba inayomkubali kila anayebisha hodi: mia moja ishirini na sita inagawanyika kwa mbili, kwa tatu, kwa sita, kwa saba, kwa tisa, na bado zipo nyingine. Ndiyo maana kila walipogawa alibaki mmoja. Kumbe ulinzi wetu wote ulikuwa unene wa mbuzi mmoja, na mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, ndiye niliyewaonyesha pa kukata.

Wanaume walikuwa wameshaanza kupumua. Mtu akaulizia kisu. Ndipo Yeyo, ambaye alikuwa hajawajibu neno tangu siku ya kwanza, akafungua kinywa.

"Sawa," alisema. "Mchague."

"Yeyote tu, shemeji," alisema Baba Mdogo. "Yule pale, mwekundu, amenona."

"Yule ni wa mwanangu wa kiume. Alipewa na baba yake siku aliyong'olewa meno. Unataka kula jino la yatima?"

Kwetu mtoto hung'olewa meno mawili ya chini, na mbuzi anayepewa siku hiyo ni wake peke yake. Baba Mdogo akarudisha miwani usoni. "Basi yule mweupe."

"Mweupe ananyonyesha wawili wake na mmoja wa mwenzake aliyeliwa na fisi. Ukimchinja umechinja wanne. Hesabu yako itakaaje, mwenye simu?"

Mwenyekiti aliguna, safari hii bila kucheka. Baba Mkubwa alikuwa amechoka. Alipita lango, akaingia mwenyewe zizini kwa hatua zake ndefu, akamkamata shingo jike mmoja wa kijivu aliyezeeka, mwenye pembe moja iliyopinda.

"Huyu," alisema. "Mzee, hana meno, hana maziwa. Huyu si wa mtu."

Yeyo hakupandisha sauti. Alisema, "Pakine."

Hilo lilikuwa jina ambalo Yeyo alimwitia Baba Mkubwa siku zote, na Baba Mkubwa naye alimwita hivyohivyo. Kwetu, mtu akikupa mbuzi, mnaacha kuitana majina yenu. Kila mmoja anamwita mwenzake Pakine, na zawadi ile inakaa midomoni mwenu maisha yote. Nilikuwa nimelisikia jina hilo tangu kuzaliwa bila kujiuliza limetoka wapi.

"Pakine," alisema tena, "nilipoletwa hapa nikiwa bibi arusi, nilisimama langoni nikagoma kuingia. Unakumbuka. Jua lilikuwa kali, wanawake wananitukana kama ilivyo desturi, nami sinyanyui mguu. Mume wangu aliahidi ng'ombe, sikutembea. Wewe ndiye uliyetoka na jike wa kijivu, ukamweka mbele yangu, nikapiga hatua. Huyo uliyemshika shingo ni binti wa binti yake. Mchinje. Kisha, mbele ya mwenyekiti, uniambie kuanzia leo utaniitaje."

Mbuzi wa kijivu alilamba kifundo cha mkono wa Baba Mkubwa, akitafuta chumvi ya jasho. Nilimtazama yule mtu mrefu niliyekuwa nikimwogopa kuliko chui, nikaona akimtazama mama yangu kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya jua kali. Mkono ukalegea.

Mwenyekiti aliokota fimbo yake. "Jua limepanda," alisema. "Mbuzi wana njaa. Mama, wafungulie waende malishoni."

Yeyo akalifungua lango lote, wazi kabisa, na mbuzi wakamiminika bila kulia wala kushoto.

"Nitarudi," alisema Baba Mkubwa akiondoka.

"Karibu, Pakine. Maziwa yapo."

Alirudi kweli, zaidi ya mara moja, na alikunywa maziwa. Zizi lilibaki moja. Lakini mchana ule sikuyajua hayo, na naomba univumilie nikusimulie jioni yake, maana ndiyo iliyonifunza zaidi.

Mbuzi waliporudi, jike mmoja mweusi alikuwa nyuma ya wenzake, na kijana aliyekuwa akituchungia alibeba kitoto chake kikiwa bado na utelezi, kimezaliwa njiani. Watu wengine hufurahi. Mimi nilipatwa na baridi. Mia moja ishirini na nane! Nilikimbia nyuma ya nyumba kwenye punje zangu, nikaongeza moja, nikaanza kugawa. Sitini na nne kwa sitini na nne. Thelathini na mbili. Kumi na sita. Nane. Nne. Mbili. Moja. Ilipasuka katikati, na kila kipande kikapasuka katikati, kama kuni iliyonyooka inayopasukia njia yake yenyewe, mpaka ikabaki punje moja moja, kila moja peke yake. Sikuwahi kuona namba dhaifu namna ile. Niliona sisi watatu tumetawanywa hivyohivyo.

"Yeyo, tumfiche," nilisema nikiwa nalia. "Baba Mkubwa akirudi kesho, tumekwisha."

Nilimweleza yote: mstari mmoja mrefu, mlango wa jirani, kuni. Alinisikiliza mpaka mwisho, ameketi kwenye kigoda, akikifuta kitoto kwa majani makavu. Hakuniambia kwamba nimefanya vibaya kuhesabu, wala hakusema kwamba namba ni upuuzi wa shule.

"Mbuzi watazaa tena wiki ijayo," alisema. "Na fisi atachukua wawili. Utakuwa unalia kila jioni?"

Nilifuta machozi kwa mkono.

"Namba yako imewasimamisha asubuhi nzima. Sikutegemea. Mimi nilipata muda wa kuwatazama nyuso zao kwa sababu ya namba yako." Akanitazama. "Shule utaendelea. Sasa niambie, huyu ni wa nani?"

"Sijui. Amezaliwa leo."

"Basi huyu ndiye wangeweza kumchinja leo, mbele yangu, nami nikakosa la kusema." Akanyoosha mikono, akaniwekea kitoto kile kifuani, kikiwa na joto na harufu ya damu na maziwa. "Ni wako. Mpe jina kabla hajasimama."

Nikamwita Mkaidi.

Kulipokucha, nilikuwa langoni kabla ya Yeyo, Mkaidi akinitafuna kola ya sare, nikiitazama njia inayotoka kwenye korongo. Nilitaka Baba Mkubwa aje, aniulize huyu ni wa nani.